Somo: Kiwanja kilichokuwa dampo, pima kabla ya kuchimba kisima au kupanda mboga

Wadau, viwanja vya bei chee vinavyotangazwa hapa Mbeya, ulizeni kwanza vilikuwa nini. Dampo likifungwa hufukiwa kifusi, nyasi zinaota, dalali anakuja na picha nzuri. Huko chini taka bado zinaoza. Mvua ikipenya, maji yanayochuruzika humo hubeba amonia, chumvi na chuma, na pengine metali nzito zenye sumu, kama risasi na kadimiamu, za betri na rangi. Dampo la kizamani mara nyingi ni korongo tu, halikutandikwa kitu chini, hivyo uchafu unaweza kuvuja kwa miongo.

Hatua ya 1: Historia. Waulize wazee wa mtaa magari ya taka yalikuwa yanamwaga wapi. Kisha chimba kwa jembe sehemu kadhaa. Ukikuta vipande vya mifuko, chupa, majivu na udongo mweusi wenye harufu, umeshapata jibu. Shimo refu usiingie, na kiberiti usiwashe: taka zinazooza hutoa methane, gesi inayoweza kulipuka.

Hatua ya 2: Mteremko. Hapa kwetu, kuanzia mlima Loleza kushuka, mteremko unauona kwa macho, na maji ya chini kwa kawaida hufuata huohuo. Kisima kilicho upande wa chini wa mteremko kutoka dampo ndicho cha kutilia shaka.

Hatua ya 3: Sampuli za maji. Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Wanapeleka chupa moja, wanapewa namba, hawajui waifananishe na nini. Chukua sampuli mbili siku moja: moja upande wa juu wa mteremko kabla ya dampo, nyingine upande wa chini baada yake. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Rudia masika, maana majibu ya Septemba si ya Machi. Chupa ziombe maabara; ya vijidudu lazima iwe imetakaswa, ya metali huwekewa tindikali kidogo. Weka kwenye baridi, fikisha siku hiyohiyo. Omba vipimo vya nitreti (chumvi ya nitrojeni), amonia, kloridi, risasi na kadimiamu. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa: nitreti miligramu 50 kwa lita, risasi 0.01.

Hatua ya 4: Udongo. Chota sentimita 20 za juu sehemu nyingi, changanya. Ukifika maabara sema wazi unataka metali nzito. Kipimo cha kawaida cha mkulima kinaonyesha pH na rutuba tu, na udongo wa dampo kwa rutuba unaweza kung'ara kabisa!

MASWALI

Mdau wa Iyunga: Mkuu, nikichemsha si yanatosha?
Jibu: Vijidudu vitakufa. Nitreti na risasi zinabaki, tena zinakolea kwa sababu maji yamepungua. Mtoto chini ya miezi 6 anayetengenezewa maziwa ya kopo asipewe maji yenye nitreti nyingi, hata yakiwa yamechemshwa.

Mdau wa Uyole: Mfereji wetu una utando unaong'aa juu kama mafuta, na tope la rangi ya kutu. Ni dampo?
Jibu: Gusa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama ganda, ni bakteria wa chuma. Ukijirudi na kuungana, ni mafuta. Chuma kinaweza kutoka kwenye udongo wetu wenyewe, kwa hiyo kutu peke yake haitoshi kulilaumu dampo. Rudi hatua ya 3.

Mama wa Nzovwe: Nimeshapanda chainizi na spinachi, ning'oe?
Jibu: Pole mama. Usiuze wala usile mpaka majibu yatoke. Mboga za majani ndizo zinazonyonya kadimiamu zaidi, na vumbi la risasi hung'ang'ania kwenye majani. Majibu yakiwa mabaya, hapo panda maua au miti ya mbao. Mboga zipeleke kwenye matuta yaliyoinuliwa, udongo wa kuletwa, na chini utandike turubai.