Jinsi ya Kufunga Pampu ya Mafuta kwenye Injini ya Ndege ya Mfano

Injini nyingi ndogo za methanoli hazina pampu. Mafuta hufika kwenye kabureta kwa kuvutwa na hewa inayopita kwenye koo lake, yakisaidiwa na shinikizo dogo la moshi linaloletwa tangini kwa mpira kutoka kwenye ekzosi. Mpango huo hutosha iwapo tangi liko karibu kabisa na injini, usawa mmoja na sindano ya kabureta, yaani ile inayopima mafuta yanayoingia. Warushaji wa ndege za sarakasi, hata hivyo, hupendelea tangi likae kwenye kitovu cha uzito ili ndege isibadilike tabia kadiri mafuta yanavyopungua. Tangi likiwa sentimita 30 nyuma ya kabureta, ndege inapopanda wima mafuta hulazimika kuinuliwa kimo chote hicho, na injini yaweza kuzimika kwa kukosa mafuta pale pale inapotakiwa kufanya kazi kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kufunga pampu. Anayeitafuta kwa ajili ya kuongeza nguvu atapoteza fedha zake.

Pampu ziko za namna mbili. Moja huendeshwa na mtikisiko wa injini, nayo hufungwa kwenye injini yenyewe kwa mwelekeo uliotajwa na mtengenezaji. Nyingine, ambayo ndiyo ninayoieleza hapa, ina kiwambo, yaani utando mwembamba, kinachosukumwa na kuvutwa na mapigo ya hewa ya ndani ya kasha la krenki (mhimili unaozungusha propela): injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, kiwambo hicho hupigwa mara 166 hivi kila sekunde. Injini za petroli zenye kabureta za kampuni ya Walbro kwa kawaida huwa na pampu ya aina hii ndani ya kabureta, hivyo hazihitaji nyingine.

Ikiwa kifuniko cha nyuma cha injini hakina nepeli (kibomba kidogo cha kuchomekea mpira) ya kutolea mapigo, itabidi uiweke. Fungua kifuniko na ukiondoe kabisa kabla ya kutoboa, kwa maana chembe moja ya aluminiamu ikibaki ndani ya kasha inatosha kuharibu beringi na kukwaruza silinda. Toboa mahali ambapo pini ya krenki haipiti karibu, kata hesi (mizunguko ya skrubu) ndani ya tundu, kisha kaza nepeli na uhakikishe kwa kidole kwamba haikuchomoza upande wa ndani. Osha kifuniko kwa methanoli, kagua gaskiti, kirudishe, kisha zungusha propela polepole kwa mkono ukisikiliza kama kuna kinachogusa.

Mpira wa mapigo uwe mfupi na mgumu kiasi, kwa sababu mpira mrefu na laini hutanuka na kumeza mapigo kabla hayajafika kwenye kiwambo. Mafuta yatoke tangini, yapite kwenye chujio, yaingie kwenye pampu, ndipo yaende kwenye kabureta. Chujio likae kabla ya pampu, kwani vali zake ni nyembamba mno na uchafu mdogo tu huzizuia kufunga. Kwa methanoli tumia mipira ya silikoni, petroli huivimbisha. Ondoa pia mpira wa shinikizo uliotoka kwenye ekzosi, uzibe nepeli yake, na uache tundu la hewa la tangi wazi, maana tangi likikosa hewa pampu itavuta hadi ishindwe.

Pampu hubadilisha kipimo cha zamani cha sindano, basi anza upya, mafuta yakiwa mengi kuliko yanavyohitajika, kisha yapunguze kidogo kidogo injini ikiwa kasi ya juu. Skrubu ya shinikizo ya pampu, kama ipo, usiiguse kabla ya kujiridhisha kwamba hakuna kiungo kinachovuja hewa. Viputo ndani ya mpira ndiyo dalili yake. Halafu mwenzako aishike ndege imara na kuielekeza pua juu, nawe ukae nyuma ya propela. Mlio ukibaki ule ule, kipimo ni kizuri. Ukipanda kwa ghafla kisha ukafifia, ongeza mafuta. Kumbuka kwamba mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, hivyo weka kizima moto karibu.

Mwisho wa siku, toa mafuta tangini na uiache injini iungurume hadi ikauke. Mafuta ya mbarika yanayochanganywa kwenye methanoli huganda yakikaa, na vali zilizogandishwa nayo ndizo huifanya pampu nzima ionekane mbovu wiki inayofuata.