Mwalimu wa piano anayesomea uchoraji: linda asubuhi na vidole

Wanafunzi wa piano wengi huja baada ya shule, kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni, na Jumamosi. Basi asubuhi ndiyo ya kuchora. Funga asubuhi mbili kwa wiki, kila moja kwa muda wa saa tatu mfululizo. Vipande vya nusu saa huishia kwenye kupanga vifaa na kuosha brashi. Kinachokula asubuhi hizo ni vipindi vya kufidia masomo ambayo wanafunzi walikosa. Tenga nafasi moja tu ya kufidia kwa wiki, na toza ada kwa muhula badala ya kwa kipindi.

Rangi za mafuta zinaivumilia ratiba hii. Tabaka jembamba la rangi za udongo (kama kahawia na manjano ya udongo) lililopakwa Jumatatu kwa kawaida huguswa bila kuchafua ifikapo Ijumaa. Nyeupe ya titani hukawia, kwa hiyo usiipake nene chini: tabaka la juu likikauka kwanza, litapasuka.

Vidole ndivyo vya kuchunga zaidi. Chora ukisimama, mkono utembee kutoka begani, kwani kano zinazobana penseli asubuhi ndizo zitakazopiga skeli (ngazi za noti) jioni. Kabla ya kufunua piano, sugua vidole kwa mafuta kidogo ya kupikia ili kutoa rangi, kisha osha kwa sabuni. Spiriti isiguse vibao vya piano; vya plastiki huweza kupata nyufa. Mkaa wa kuchorea nao ukae chumba kingine kabisa, maana vumbi lake huingia katikati ya vibao.