Serikali ya mseto imeingia: namna ya kusukuma ahadi za mageuzi mpaka ziwe sheria

Mkataba wa mseto huandikwa na watu waliochoka. Vyama vilivyokuwa vikirushiana maneno majukwaani majuzi tu vimejifungia chumbani kugawana wizara, na sura ya demokrasia (mfumo wa uchaguzi, fedha za vyama, baraza la pili la Bunge, madaraka ya mikoani) mara nyingi huachiwa saa za mwisho. Ndiyo maana lugha yake hulegea. Wanamageuzi wengi husoma sura hiyo, wakafurahi, wakarudi nyumbani kusubiri. Hapo ndipo kosa linapoanzia, maana mageuzi ya aina hii kwa kawaida hayashindwi kwa hoja. Hushindwa kwa ratiba.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo, tuseme watu watano hadi kumi, chenye nia ya kufuatilia ahadi hizo mpaka mwisho.

Anza na vitenzi

Tafuta mkataba wenyewe, si muhtasari waliopewa waandishi wa habari. Uchapishe, uchukue kalamu mbili za rangi tofauti. Ya kwanza ipigie mstari "tutatunga", "tutafuta", "tutapunguza". Ya pili ipigie "tunakusudia", "tutaangalia uwezekano", "tutaunda kamati". Rangi ya kwanza ni deni. Ya pili ni salamu.

Tazama Ujerumani mwaka 2021. Mkataba wa vyama vya SPD, Kijani na FDP uliahidi kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16 mara mbili, kwa vitenzi viwili tofauti: kwa uchaguzi wa Bunge la Ulaya vyama vilisema vitafanya, kwa uchaguzi wa Bunge la taifa vilisema vinataka kubadili Katiba. La kwanza lilihitaji sheria ya kawaida, likapita mwaka 2022, na vijana wa miaka 16 wakapiga kura Juni 2024. La pili lilihitaji theluthi mbili, ambazo mseto haukuwa nazo, na serikali ikavunjika Novemba 2024 bila kulitimiza. Aliyesoma vitenzi vile mwaka 2021 alijua mapema nguvu zake aziweke wapi.

Daftari la ahadi

Fungua jedwali. Kila ahadi ipewe mstari mmoja, na mstari uwe na nafasi za mambo haya: maneno halisi na namba ya ukurasa, chama kilichoyaleta, chombo kinachohitajika, mtu mwenye ufunguo, na tarehe. Usizidishe ahadi 12. Kikundi cha watu watano kikijaribu kufuata ahadi 80 hakitafuata hata moja.

Nafasi ya "chama kilichoyaleta" wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Katika mseto hakuna ahadi ya bure; kila moja imelipiwa na nyingine, na ukijua bei yake utajua itakapokwama. Uingereza mwaka 2010 mseto uliundwa na vyama viwili: Liberal Democrats, mshirika mdogo, walitaka kura ya maoni juu ya mfumo mpya wa kupiga kura, na Conservatives, mshirika mkubwa, walitaka majimbo yapunguzwe kutoka 650 hadi 600. Yote mawili yakafungwa katika sheria moja ya mwaka 2011. Kwa hiyo ukiona ahadi mbili zisizofanana zimewekwa kwenye muswada mmoja, ziunganishe kwa mshale kwenye daftari lako. Moja ikianguka, ya pili iko hatarini.

Kuhusu chombo, jiulize tu: je, hili linatosha kwa waraka wa waziri, kanuni, sheria, fungu la bajeti, au linataka Katiba ibadilishwe? Yale ya waraka na kanuni yadai mwaka wa kwanza, hayana kisingizio. Ila kumbuka kinachopitishwa kwa kura za kawaida hufutwa kwa kura za kawaida. Mseto huohuo wa Uingereza uliweka kisheria muda maalumu wa Bunge mwaka 2011. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2022.

Hesabu kura kwa majina

Chukua Bunge la viti 300 ambamo mseto una 165. Inaonekana salama. Lakini wabunge 15 wa mseto wakihamia upande wa pili katika kura hiyo, inakuwa 150 kwa 150, na kila bunge lina kanuni yake ya kura zikilingana. Na kama jambo linataka theluthi mbili, yaani 200, unahitaji wapinzani 35 hata kama mseto wote umesimama pamoja. Kwa hiyo mageuzi ya Katiba huanza kwa kuongea na upinzani siku ya kwanza, si mwaka wa tatu mambo yakiharibika. Gawa wabunge katika makundi matatu (wanaokubali, wanaokataa, wasiosema) na utumie muda wako kwa hao wasiosema. Wale wanaokubali wanapenda sana kutembelewa, lakini kura yao unayo tayari.

Ratiba, hapa ndipo penyewe

Tarehe 10 Julai 2012 Bunge la Uingereza lilipigia kura muswada wa kulifanya baraza la mabwana lichaguliwe kwa sehemu kubwa na wananchi. Ulipita Kusomwa Mara ya Pili, hatua ambapo wabunge huukubali muswada kimsingi, kwa kura 462 dhidi ya 124. Kwa mtu asiyejua kanuni za Bunge, huo ni ushindi wa kishindo. Lakini Conservatives 91 walikuwa wameasi, na upande wa serikali ulikuwa tayari umeondoa hoja ya pili iliyokuwa ifuate, ile ya kuweka kikomo cha siku za mjadala, kwa kuwa ulijua ungeshindwa: Labour, chama kikuu cha upinzani, kiliunga mkono muswada lakini si kikomo hicho. Bila kikomo, wapinzani wangeweza kuzungumza miezi na miezi na kuzuia kazi nyingine zote. Tarehe 6 Agosti muswada ukatangazwa kuachwa. Nao Liberal Democrats wakalipiza: Januari 2013 walipiga kura na upinzani kuchelewesha mipaka mipya ya majimbo. Ule mshale wa kwenye daftari.

Sasa linganisha na Kenya. Serikali ya mseto ya mwaka 2008, iliyozaliwa na mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Februari baada ya machafuko, haikuacha Katiba mpya iendeshwe na nia njema ya mawaziri. Sheria ya mapitio ya Katiba ilipanga hatua na muda wake. Kamati ya Wataalamu ilitoa rasimu tarehe 17 Novemba 2009, wananchi wakapewa siku 30 za kutoa maoni. Bungeni, kubadili rasimu kulihitaji asilimia 65 ya wabunge wote, yaani kura 145 kati ya 222. Mapendekezo ya marekebisho yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililofika hapo; rasimu ikapita ilivyo tarehe 1 Aprili 2010. Kura ya maoni ikafanyika tarehe 4 Agosti, Katiba ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Mseto ule uligombana tangu mwanzo hadi mwisho, lakini saa ilikuwa imetegwa na hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kuisimamisha peke yake.

Basi kabla hujaandika neno moja kuhusu maudhui ya muswada, dai ratiba yake. Uliza nani anapanga siku za mjadala, kuna hoja ya kikomo au la, na chama gani kimeahidi kuiunga mkono hoja hiyo. Mbunge akikuambia "naunga mkono muswada", muulize na ratiba pia. Anayekubali la kwanza na kukwepa la pili mwandike kwenye safu ya wanaokataa.

Kura ya maoni si zawadi

Mseto usipokubaliana hupenda kusema "tuwaachie wananchi". Linapendeza, lakini angalia tarehe. Kura ya maoni ya Uingereza juu ya mfumo mpya wa kupiga kura ilipigwa tarehe 5 Mei 2011, siku moja na uchaguzi wa mitaa, mwaka mmoja tu baada ya mseto kuundwa, huku chama kilichoipigania kikiwa kimechukiwa kwa kukubali kupandisha karo za vyuo vikuu. Asilimia 67.9 walisema hapana. Isitoshe, mshirika mkubwa alikuwa huru kufanya kampeni dhidi yake.

Ireland ilipita njia ndefu zaidi. Mseto wa Fine Gael na Labour wa mwaka 2011 uliunda baraza la Katiba la watu 100: wananchi 66 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wanasiasa 33 na mwenyekiti. Serikali iliahidi kujibu kila ripoti ndani ya miezi minne, ingawa haikutimiza hivyo kila mara. Kutokana na baraza hilo, ndoa za jinsia moja zilipigiwa kura tarehe 22 Mei 2015 na kupita kwa asilimia 62. Siku hiyohiyo pendekezo jingine la baraza, kushusha umri wa mgombea urais, lilikataliwa na zaidi ya asilimia 70. Baraza la wananchi linapevusha jambo, halihakikishi ushindi. Ukiombwa kuchangia muundo wake, shikilia bahati nasibu ya kweli, na tarehe ya majibu ya serikali iwe ndani ya hati inayoliunda.

Maoni kwa kamati ya Bunge

Kurasa mbili. Wajumbe hawasomi ishirini, na karani ndiye atakayeyafupisha. Aya ya kwanza iseme nyinyi ni nani na mnataka kifungu gani kibadilike. Kisha weka marekebisho yenyewe kwa lugha ya muswada, ili mjumbe ayanakili bila kazi. Kwa mfano, muswada ukisema:

"Waziri anaweza kuchapisha taarifa ya michango ya vyama."

Andika: "Katika kifungu hiki, futa maneno 'anaweza kuchapisha' na badala yake weka 'atachapisha, ndani ya siku 30 baada ya kila robo ya mwaka,'."

Neno "anaweza" likibaki, sheria yote ya uwazi ni pambo. Chini ya hapo toa sababu tatu fupi, na gharama kama unaijua. Mpe nakala mjumbe mmoja wa kila chama cha mseto. Akiipata wa upande mmoja tu, mwingine ataiona ni njama.

Mseto ukianza kununiana

Utafika wakati mshirika mdogo anaomba mumvumilie kwa sababu "tumezuia mabaya zaidi". Huenda ni kweli. Mkataba wa Uingereza uliwapa Liberal Democrats ruhusa ya kutopiga kura kuhusu karo, lakini tarehe 9 Desemba 2010 wakagawanyika njia tatu na hoja ya kupandisha karo ikapita kwa tofauti ya kura 21. Waliopata hasara ni wao. Msiwe wapambe wa chama hicho, wala msikisuse. Kila miezi mitatu chapisheni daftari lenu likiwa na alama tu: imetimia, inaendelea, imesimama, imevunjwa, pamoja na ushahidi wa kila alama. Matusi hayana safu.

Katika mabunge mengi muswada hufa Bunge likivunjwa, kwa hiyo ambao haujaanza miezi 12 kabla ya uchaguzi uhesabuni umekwisha, mhamishie nguvu kwa iliyokwisha kupita. Chukua kila sheria iliyosainiwa, fungua kifungu cha kuanza kutumika. Kikisema "tarehe atakayoitangaza Waziri", ulizia tangazo hilo kwa barua leo hii, mkiomba namba yake na tarehe ya gazeti la serikali lililolichapisha.