Jinsi ya kuomba kununua bunduki kihalali Marekani ukiwa si raia

Mwongozo huu nauandika kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani kwa grini kadi. Raia akikosea kwenye mambo ya silaha, kesi yake ni ya jinai tu. Wewe una kesi ya pili inayokungoja. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kuondolewa nchini, hata kama ameishi huko miaka ishirini na watoto wake wote wamezaliwa huko. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Anza na karatasi.

Kwanza, jiulize kama unaruhusiwa

Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, utalii au kazi, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna vighairi vichache. Kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na kibali cha kuishi haruhusiwi kabisa, wala hata kushika risasi.

Mengine yanayokufungia mlango ni kuwahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela, kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo, kuwa chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenza, na kutumia dawa za kulevya. Hapo kwenye dawa za kulevya ndipo wengi wananaswa. Jimbo lako linaweza kuruhusu bangi iuzwe dukani mchana kweupe, lakini ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho, na fomu ya kununulia bunduki inakuonya hivyo kwa maandishi.

Umri: kwa wauzaji wenye leseni, sheria ya shirikisho imeweka miaka 18 kwa bunduki ndefu na 21 kwa bastola. Majimbo kadhaa yamepandisha zaidi.

Pili, ujue silaha unayoitaka iko kwenye kundi gani

Watu wanabishana usiku kucha kuhusu "silaha za kivita" mikononi mwa raia, na mara nyingi kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Sheria ya shirikisho haiangalii sana sura ya bunduki. Inaangalia inavyofyatua. AR-15 ya dukani na M16 ya jeshi zinafanana kama mapacha. Tazama swichi ndogo ubavuni, juu ya kishikio: ya AR-15 ina nafasi mbili, salama na kufyatua. Ya M16 ina nafasi ya tatu. Ukiiweka hapo, kidole kimoja kikibana mara moja, risasi zinatoka mfululizo. Hiyo nafasi ya tatu ndiyo inayoifanya iwe rashasha kisheria, na ndiyo inayokutoa kwenye fomu ya kurasa chache na kukuingiza kwenye utaratibu mkali zaidi wa sheria ya silaha ya mwaka 1934.

Mimi naona mpaka huu umewekwa mahali pabaya. Bunduki inayofyatua risasi moja kwa kila mbano bado inaweza kufyatua haraka mno. Huko Las Vegas mwaka 2017, mshambuliaji alitumia kifaa cha kuongeza kasi kwenye bunduki za aina hiyo na watu 60 wakapoteza maisha. Serikali ilikipiga marufuku kifaa hicho, lakini Juni 2024 Mahakama ya Juu ikatengua marufuku hiyo, ikisema hakiigeuzi bunduki kuwa rashasha. Marufuku ya kitaifa ya bunduki zenye sura ya kijeshi nayo ilidumu miaka 10 tu, kuanzia Septemba 1994 hadi Septemba 2004, na Bunge halikuirudisha.

Majimbo ndiyo yaliyojaza pengo hilo, na ndiyo maana lazima usome sheria ya jimbo lako. California ilianza kuzuia bunduki hizo mwaka 1989. Illinois iliongeza sheria yake Januari 2023, na huko huwezi kununua bunduki yoyote bila kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mmiliki wa silaha, inayotolewa na polisi wa jimbo. Iombe hiyo kwanza.

Tatu, andaa vitambulisho

Utahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani unayoishi sasa. Sanduku la posta halikubaliki. Kama umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, mfano kadi ya usajili wa gari. Chukua na grini kadi yako, kwa sababu namba ya mgeni inayoanza na herufi A inaandikwa kwenye fomu.

Nne, jaza fomu namba 4473

Fomu hii unaijazia kwa muuzaji mwenye leseni, na majibu ni yako mwenyewe. Usimwachie muuzaji akujazie.

Kuna swali linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Shemeji amekupa pesa umnunulie kwa sababu yeye ana viza ya masomo? Ukijibu ndiyo umesema uongo kwa serikali, na tangu sheria ya 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kunaweza kukupa hadi miaka 15 jela. Mkatalie, hata kama ataona unamnyima udugu.

Swali jingine ni la uraia. Andika nchi ambayo wewe ni raia wake. Usiweke alama kwenye Marekani eti kwa kuwa umebakiza miezi miwili kuapa. Kujidai raia kabla hujawa raia ni jambo ambalo sheria ya uhamiaji hailisamehe kirahisi, na linaweza kuuzika uraia ulioungoja miaka yote hiyo.

Tano, subiri jibu

Muuzaji anatuma taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, NICS, ulioanza kazi Novemba 1998. Katika baadhi ya majimbo ukaguzi unapitia kwa mamlaka za jimbo. Jibu ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Mara nyingi huja ndani ya dakika chache. Sisi wenye majina ya Ali, Juma na Mohamed tunaweza kuambiwa tusubiri kwa kuwa jina linafanana na la mtu mwingine mwenye rekodi. Likikutokea kila mara, omba FBI wakupe namba maalumu, iitwayo UPIN, ya kukutofautisha. Ukikataliwa, unayo haki ya kukata rufaa.

Kama unachotaka ni rashasha

Mtu wa kawaida anaweza kupata tu ile iliyosajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei 1986, na kama jimbo lake linakubali. Kwa kuwa haziongezeki, bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola. Unaomba kwa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa Fomu 4: picha, alama za vidole, nakala kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako, na kodi ya dola 200, kiwango kilekile cha 1934. Bunduki inabaki kwa muuzaji hadi kibali kitoke. Kuivusha kwenda jimbo jingine kunahitaji ruhusa ya ATF mapema, kwa Fomu 5320.20.

Bunduki ya kawaida haihitaji fomu hiyo ukisafiri, lakini iwe haina risasi na imefungiwa kwenye buti la gari. Na hakikisha inaruhusiwa unakotoka na unakokwenda. Ukiwa na shauri lolote la uhamiaji ambalo halijaisha, muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa fomu namba 4473.