Kupanga michezo katika darasa la awali: mwongozo kwa walimu na walezi wa Dodoma

Mwalimu au mlezi anayetaka michezo imkuze mtoto aanze na saa kabla ya kufikiria vifaa. Ratiba nyingi nilizoziona zimeweka michezo kuwa kipindi cha dakika 20 kilichobanwa kati ya uji na nyimbo, na hapo ndipo jambo zima linapoharibika, kwa sababu watoto wa miaka minne hutumia robo saa ya kwanza wakishindana nani awe mama, nani awe mtoto na kinu kikae wapi, na kengele hulia wakati ndiyo kwanza wanaanza kucheza. Ushindani huo una faida yake, maana humo mtoto anajizoeza kupatana, kusubiri zamu na kutetea wazo lake kwa maneno badala ya mikono. Lakini anayekatizwa hapo hapo kila siku humaliza mwaka akiwa amejifunza mwanzo wa mchezo tu. Tenga dakika 45 hadi saa nzima isiyokatizwa, angalau mara moja kwa siku.

Kwa hapa Dodoma muda huo una hesabu yake. Kuanzia Septemba hadi mvua zinaposhika mnamo Desemba, uwanja usio na kivuli haufai tena jua likishakuwa kali, hivyo michezo ya nje itangulie mara baada ya ukaguzi wa usafi, na ya ndani ifuate. Juni na Julai geuza mpango huo, kwa kuwa asubuhi kuna baridi na upepo wa vumbi, watoto wanakuja wamejikunja ndani ya masweta, na ni afadhali waanzie ndani mpaka jua lipande. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi minne aushughulishe mwili wake kwa angalau dakika 180 kwa siku nzima, na aliyefikisha miaka mitatu dakika zisizopungua 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka ahemee juu juu. Kituo kinachomkalisha mtoto kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita kinaiachia familia deni kubwa la kulipa jioni.

Anayehitaji hoja za kisheria anazo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja haki ya kucheza katika Ibara ya 31, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaitambua. Hata hivyo, sijawahi kumwona mkuu wa kituo aliyeshawishika kwa kusomewa ibara. Hushawishika akikaa darasani na kutazama.

Fungua kona moja kwa wakati

Mwaka wangu wa kwanza, katika kituo kidogo pembezoni mwa mji, nilikusanya vifaa likizo nzima: mabua ya mtama, vizibo vya soda, vibuyu, maboksi, vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Siku ya kufungua nikavitoa vyote kwa pamoja. Haikufika robo saa, mabua yakawa fimbo, vizibo vikawa vimetawanyika hadi chini ya kabati, na mtoto mmoja alikuwa analia kwa mchanga uliomwingia machoni. Niliwalaumu watoto, ingawa kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mtoto ambaye hajaonyeshwa kitu kinakaa wapi na kinatumikaje hana njia nyingine ya kukijua ila kukirusha aone kitafanya nini.

Siku hizi nagawa darasa kwa kona, kila moja na vifaa vya mchezo wa aina moja, na ninaanza na kona ya kujenga peke yake kwa wiki nzima. Vipande vya mbao huombwa kwa seremala na kupigwa msasa hadi visiwe na vibanzi. Nawaonyesha namna ya kuvitoa, nawaita wawili wajaribu mbele ya wenzao, kisha tunavirudisha pamoja, virefu na virefu, vifupi na vifupi. Kurudisha vifaa ni somo la kupambanua na kupanga kwa makundi, ndiyo maana sipendi kumwona mlezi akiwafanyia watoto kazi hiyo ili wawahi kutoka. Wiki ya pili ninaongeza udongo, ya tatu duka na jiko, na kona ya vitabu na hadithi huja baadaye, darasa likishatulia.

Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, lakini madarasa mengi ya shule za serikali yana watoto wengi zaidi ya hapo. Njia iliyonisaidia ni mikufu ya vizibo. Kila kona ina msumari ukutani wenye mikufu mitano. Anayeingia anavaa mmoja, anayetoka anaurudisha, na msumari ukiwa mtupu kona imejaa. Baada ya siku chache mwalimu hahitaji kumfukuza mtu, kwa sababu watoto wenyewe watasema, "Imebaki miwili, ingieni wawili." Darasa likiwa kubwa mno, nusu wawe nje na mwalimu msaidizi au mzazi wa kujitolea, kisha wabadilishane.

Duka, gulio na daftari la mikopo

Ningeambiwa nibaki na kona moja tu ningechagua duka. Mahitaji yake ni machache: kreti mbili na ubao wa kuwa meza, kisado au kopo la kupimia, mizani ya mwiko wa kuning'iniza makopo mawili, noti zilizokatwa kwenye maboksi na kuandikwa 100, 200 na 500, khanga ya kujifunga, na daftari chakavu lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Bidhaa ziwe mawe, maganda ya karanga, majani makavu na mchanga. Chakula halisi sikitumii, kwa kuwa katika mkoa ambao mwaka wa mvua haba huacha maghala matupu, kumwaga nafaka sakafuni kwa ajili ya mchezo huwakera wazazi, nao wana haki.

Tazama kinachotokea hapo. Msichana wa miaka mitano ameketi nyuma ya kreti amepanga mafungu ya majani, anauza mlenda. Mteja anauliza bei, anaambiwa mia mbili, anatoa noti moja ya mia. Muuzaji anaishika, anaigeuza, anasema, "Hii mia. Bado." Mteja hana nyingine. Kimya kidogo, kisha muuzaji anafungua daftari na kuchora mistari mitatu iliyopinda: "Nimekuandika. Utaleta kesho." Ndani ya dakika moja mtoto huyo amelinganisha idadi, amegundua upungufu, ametafuta suluhisho ambalo halikufundishwa, na ametumia maandishi kwa kazi ambayo maandishi yalibuniwa, yaani kutunza kumbukumbu ya kitu kisichoonekana tena. Mistari yake bado si herufi, lakini ameshajua herufi zina kazi gani. Mtoto asiyelijua hilo anaweza kunakili "a" kurasa kumi bila kuelewa anafanya nini.

Hapo mwalimu aingie kidogo tu. Siku iliyofuata niliweka mafungu yasiyolingana, mengine ya majani matatu na mengine sita, bila kusema neno. Mabishano juu ya bei yaliendelea mpaka wakati wa uji, na wakati huo wote walikuwa wanahesabu.

Udongo kabla ya penseli

Vidole vya mtoto wa miaka mitatu au minne bado havina nguvu ya kuiongoza penseli, na anayelazimishwa mapema huishika kwa ngumi na kuchoka haraka. Kufinya, kuviringisha na kubana udongo hujenga misuli midogo ya kiganja na vidole, na kumzoeza mtoto kutumia mikono yote miwili kwa pamoja, mmoja ukishika na mwingine ukitenda. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kunata kwake. Uloweke usiku kucha, toa mawe na mizizi, ukande hadi usigande mkononi, kisha ufunike kwa gunia bichi. Maji yakiwa ya shida, kopo moja linatosha kundi la watoto watano.

Mwalimu asifinyange mfano. Akitengeneza ng'ombe mmoja mzuri, watoto watauacha udongo wao na kusema, "Nitengenezee." Waache watengeneze walichokiona nyumbani. Kwa watoto wa Bahi na Chamwino mara nyingi huwa ni ng'ombe wenye nundu, pamoja na zizi la mabua, na mwenye zizi atakuambia bila kuulizwa nani dume, nani mtamba na ndama ni wa nani. Kundi hilo likiwa mezani, swali moja la "Jioni utajuaje kwamba wote wamerudi?" lina uzito kuliko kuimba moja hadi ishirini kwa pamoja. Nimeona mtoto akiweka jiwe moja kwa kila ng'ombe, njia ambayo wachungaji waliijua zamani.

Mdomo wa mwalimu

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mwalimu asiyezungumza hafundishi. Kwa dakika tano za kwanza simama pembeni utazame. Kisha chagua moja kati ya mambo matatu: kuwaacha, kuongeza kitu kimoja, au kuingia mchezoni kama mteja, mgonjwa au abiria na kufuata maelekezo yao. Epuka maswali ambayo jibu lake unalo, kama "Hii ni rangi gani?", kwa kuwa mtoto hutambua mara moja kwamba anatahiniwa na mchezo hufa. Uliza ambacho kweli hukijui: "Ukuta ukianguka mtafanyaje?" "Mgonjwa huyu anaumwa wapi?"

Jingine ni lugha. Katika vijiji vingi vya mkoa huu mtoto huja na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na Kiswahili cha darasani ni kigeni kwake kwa miezi ya mwanzo. Mchezoni mwache aseme lugha yake, nawe umrudishie kwa Kiswahili, ili apokee neno jipya bila kuaibishwa. Mtoto anayekatazwa lugha yake hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza humwezi kujua anawaza nini.

Yupo pia anayesimama pembeni wiki nzima akitazama. Mtafiti Mildred Parten alieleza mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hutazama, hucheza peke yao, hucheza sambamba na wenzao, na taratibu ndipo hushirikiana kwa kweli. Usimsukume. Mpe kazi isiyohitaji maneno, kama kupanga bidhaa dukani, na wenzake watamzungumzisha.

Usalama kwa ufupi

Kwa walio chini ya miaka mitatu, ondoa kila kitu kinachopita kwenye tundu la upana wa sentimita 3.2. Mbegu za ubuyu na punje za mahindi huingizwa puani na masikioni hata na wakubwa wao, basi zitumike mbele ya macho ya mtu mzima. Kingo za vizibo zipondwe kwa nyundo, makopo yenye ncha yatupwe, na uwanja ufagiliwe mbigili kila asubuhi, kwa sababu mtoto aliyechomwa mara mbili hatakimbia tena. Baada ya mchezo wa nje, watoto wanawe uso pamoja na mikono. Vumbi letu na inzi si rafiki wa macho, na Kongwa inaujua kwa muda mrefu trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha.

Cha kumwonyesha mzazi

Mzazi atakuja na daftari tupu mkononi. Mmoja wa Nkuhungu aliniambia, "Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa pili huu, mwanangu kaandika kurasa tatu tu. Kazi yenu ni kucheza?" Sikumjibu kwa nadharia. Nilikuwa na daftari langu, ambamo kila mtoto huandikiwa sentensi moja au mbili kwa wiki, yaani nilichomwona akifanya au kumsikia akisema, pamoja na tarehe, bila sifa wala alama. Nilimfungulia ukurasa wa mwanawe. Wiki ya kwanza: amesimama mlangoni, hakugusa kitu. Wiki ya tatu: amejenga mnara wa mbao saba, ulipoanguka alilia na kuondoka. Wiki ya sita: mnara umeanguka mara nne, akaweka mbao pana chini, akamwambia mwenzake, "Mkubwa abebe mdogo." Mama alisoma mstari huo mara mbili, kisha akauliza kona ya kujenga iko upande gani.

Daftari la namna hiyo halihitaji zaidi ya dakika kumi kwa siku, ukiandika watoto watano watano. Mwisho wa mwaka mkabidhi mwalimu wa darasa la kwanza.