Andiko la mradi wa afya ya jamii: anzia zahanati, mfadhili baadaye

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, Januari 20, 2025, simu za viongozi wa vikundi zimebadilika. Zamani swali lilikuwa "mradi unaanza lini?" Siku hizi ni "hela ziko wapi?" Huwa nawajibu waniambie kwanza rejesta ya zahanati yao inasemaje. Wengine hukata simu wakidhani nawazungusha. Lakini nimesaidia kuandika na kukagua maandiko ya kutosha kujua kwamba mengi hufia ukurasa wa kwanza, kabla mfadhili hajafika kwenye bajeti.

Huu ni mwongozo kwa vikundi na asasi ndogo za Tanzania. Mfano nitakaoutumia ni wavuvi wa pwani ya kusini na kingatiba (dawa za kinga zinazogawiwa jamii nzima) ya matende na mabusha, kwa sababu ni kundi linalosahaulika bila mtu yeyote kukusudia.

Hatua ya 1: Tafuta pengo unaloweza kulihesabu

Nenda zahanati, onana na mganga mfawidhi, mweleze nia yenu. Akihitaji barua kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ifuateni; mtaihitaji baadaye pia. Ombeni jumla tu, msinakili majina ya wagonjwa. Kama shida yenu ni wajawazito kuchelewa kuanza kliniki, jibu limo kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya. Kama ni kujifungulia nyumbani, linganisheni na kitabu namba 12, cha uzazi.

Kwa wavuvi wetu, angalia rejesta ya ugawaji dawa. Mgawa dawa hupita kaya kwa kaya, humpima mtu urefu kwa fimbo yenye alama badala ya mizani, humhesabia vidonge, naye huvimeza palepale. Sasa pitia kurasa za kitongoji cha wavuvi: majina ya wanaume yamejaa, safu ya vidonge iko wazi. Hawakukataa dawa, walikuwa dago, yaani wamehamia kwa muda kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Kambi ya dago inaweza kukaa kisiwani au kwenye fukwe ya mbali kwa wiki nyingi, kutegemea upepo na bamvua (maji makuu ya bahari), na timu ya ugawaji haina chombo cha kuwafuata.

Kwa nini hilo ni tatizo la kijiji kizima? Matende huenezwa na mbu. Dawa, yaani ivermectin na albendazole, huua vijidudu vichanga kwenye damu, lakini minyoo mikubwa huishi mwilini kwa miaka na kuendelea kuzaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka ugawaji wa kila mwaka, angalau awamu 5, na angalau asilimia 65 ya watu wote wameze. Kundi la wanaume wanaokosa dawa mwaka hadi mwaka hubaki kuwa hifadhi ya ugonjwa hata jirani zao wakimeza kwa uaminifu.

Sasa linganisha sentensi mbili. Ya kwanza naiona kila msimu: "Jamii ya wavuvi inakabiliwa na changamoto nyingi za kiafya ikiwemo ukosefu wa elimu." Ya pili: "Katika ugawaji uliopita, wanaume kadhaa kati ya wote walioandikwa kitongojini hawakumeza dawa, na wengi walikuwa kambi mbili za dago zisizofikika kwa barabara." Badala ya "kadhaa" na "wote" weka namba zenu. Sentensi hiyo ya pili tayari imeshaandika nusu ya mradi: chombo, mafuta, wagawaji wawili, na ratiba inayofuata bamvua.

Zingatia pia kisichokuwemo. Dawa zenyewe watengenezaji huzitoa msaada na hupitia serikalini. Andiko linaloomba fedha za kununua dawa hizo humwonyesha msomaji kwamba kikundi hakijui mfumo.

Hatua ya 2: Karatasi

Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Mfadhili akitaka shirika na nyie ni kikundi, tafuteni shirika lililosajiliwa mshirikiane, na makubaliano yaandikwe, hasa nani anashika akaunti. Mengine ni katiba, mihtasari ya vikao yenye sahihi, akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na barua ya serikali ya kijiji. Mihtasari inayotungwa usiku mmoja hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, mahudhurio asilimia mia.

Hatua ya 3: Chagua mlango

Hapa ndipo watu hukimbilia mtandaoni wakaruka mlango ulio karibu kuliko yote. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Zahanati ina mpango wake, na kamati ya usimamizi ina wawakilishi wa wananchi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi kadhaa kabla. Mkitaka mafuta ya boti yaingie humo, mjumbe wenu wa kamati ayataje wakati huo. Kiasi kitakuwa kidogo. Ila mkiweza kumwandikia mfadhili "zahanati imechangia mafuta ya safari moja", mmeshajitofautisha na waombaji wengine wote.

Baada ya hapo kuna balozi. Japani ina msaada wa miradi midogo ya wananchi, unaofaa kwa majengo na vifaa, kama wodi ya wazazi au kisima cha zahanati. Mishahara na gharama za uendeshaji haigharimii. Kanada ina mfuko wa miradi ya wenyeji ambao hutangaza nafasi kwa msimu na hupendelea asasi za nchini. Australia ina mpango wake wa misaada midogo, nao kwa Tanzania husimamiwa na ubalozi wao ulioko Nairobi. Kwa wavuvi wetu ningeanza na Kanada au Australia, kwa sababu tunachohitaji ni shughuli za muda mfupi kuliko jengo. Masharti na tarehe zisome kwenye tangazo la mwaka husika, usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ndani ya nchi kuna Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa 2002, ambayo hutoa ruzuku na pia huzijengea uwezo asasi. Na Mfuko wa Dunia, ambao fedha zake hupitia Wizara ya Fedha na, kwa upande usio wa serikali, shirika la afya la Amref, kisha hushuka kwa watekelezaji wadogo. Lakini huo ni wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Usiyapindishe matende yaonekane malaria kwa kuwa yote yana mbu. Nimeona ikijaribiwa.

Ile asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba wa kufanyia biashara. Utarejeshwa. Mradi wa kugawa dawa hauzalishi marejesho.

Hatua ya 4: Bajeti

Andika kila mstari kwa kipimo, idadi na bei: lita ngapi kwa safari, safari ngapi, bei ya lita. Muulize nahodha, usikisie. Mashine ya boti hunywa zaidi bahari ikichafuka na nahodha ndiye anayejua kiasi gani. Weka maboya ya kuokolea maisha. Wakaguzi wa ubalozi hutazama usalama, nasi tunapaswa kuutazama kabla yao.

Posho ziwe zinazolingana na viwango vya halmashauri kwa kazi kama hiyo. Semina ya siku tatu hotelini mjini kwa ajili ya kufikia kambi mbili za dago haielezeki, hata ukiiita "uraghibishi".

Hatua ya 5: Mafunzo

Wengi huyaacha haya mwisho kama mapambo. Kama kuna kijana wenu anayetaka kazi hii kwa muda mrefu, mlango mkubwa ni mpango wa serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Dodoma Januari 31, 2024 ukilenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Mafunzo ni ya miezi sita, na uteuzi huanzia kwa wananchi wenyewe, kijijini au mtaani. Kwa hiyo sikilizeni matangazo ya mkutano wa kijiji. Mkijua kitongoji cha wavuvi hakina mhudumu anayetoka humo, semeni pale pale mkutanoni, iingie kwenye muhtasari.

Kwa viongozi, kozi za bure za mtandaoni zipo WHO Academy, ya Shirika la Afya Duniani, na DisasterReady, tovuti ya mafunzo kwa watu wa misaada; kwenye hiyo ya pili tafuta usimamizi wa fedha na ufuatiliaji wa miradi. Nyingi ni za Kiingereza, basi kaeni wawili wawili, mmoja asome na kumfasiria mwenzake. Mhasibu wenu amalize kozi moja ya fedha kabla ya kutuma andiko, kisha taja hilo kwa sentensi moja. Vyeti kumi vya mada zisizohusiana acheni nyumbani.

Hatua ya 6: Mkipata

Someni mkataba kabla ya kusherehekea. Kwa shirika lililosajiliwa, kanuni za 2018 zinataka fedha za mfadhili zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe wazi na mkataba uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo, tena ndani ya siku chache. Mweleze mfadhili mapema ili ratiba isianze kuhesabiwa wakati mnasubiri majibu.

Halafu kuna suala la risiti. Mafuta mtanunua mjini, risiti ya mashine ipo. Lakini mpishi wa kambi, kijana aliyebeba maboksi kutoka botini na mwenye mtumbwi wa kuwavusha hawana risiti. Kabla ya kusaini, kubalianeni na mfadhili kwa maandishi kwamba malipo ya namna hiyo yatathibitishwa kwa fomu yenye jina, kazi, kiasi, tarehe, namba ya simu, na sahihi au dole gumba. Chapeni fomu nyingi, na kidau cha wino kifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na rejesta.