Kumhudumia paka jike baada ya kufungwa kizazi
Muulize kwanza daktari wa mifugo amepasua wapi, kwa kuwa mshono wa katikati ya tumbo hujificha paka anapolala, ilhali ule wa ubavuni waweza kuutazama kila siku bila kumgeuza. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, pale unapopatikana, kwa kawaida huacha maumivu machache zaidi. Kwa njia yoyote ile, paka huficha uchungu, hivyo mtazame usoni: macho yaliyofinywa, masikio yaliyogeukia pembeni na kichwa kilichoinama chini ya mabega ni dalili kwamba anaumia, hata kama halii.

Usimpe kamwe parasetamoli, kwani hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Tumia tu dawa aliyoandikiwa. Mzuie kuruka na kulamba mshono kwa siku 10 hadi 14, na asivuliwe kola ya shingoni, ile yenye umbo la koni inayomzuia kuufikia mshono, hata akikukodolea macho ya kusihi. Uvimbe mdogo mgumu chini ya mshono mara nyingi si hatari. Usaha, harufu mbaya, mshono kuachia au kukataa chakula kwa saa 24 ni sababu ya kumrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo.